Mpaka Mtembeaji wa Mwisho Ashuke

Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Waongo! Mimi nimewapikia fahali kumi, wa nchi mbili, na walikaa. Watano wa Marekani, watano wa Kanada, meza moja, kahawa yangu katikati. Hiyo ndiyo bodi ya Mamlaka ya Daraja la Gideon, na mimi Verna LaShomb ndiye niliyekuwa mpishi wa kantini yake, pale kwenye mguu wa kusini wa daraja, tangu nywele zangu zikiwa nyekundu mpaka zikawa rangi ya majivu. Lakini leo sina habari ya fahali. Nina habari ya Ambrose Gokey, aliyekuwa akiwavusha waoga.

Usicheke. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na bodi ndiyo iliyomwajiri. Daraja letu liko juu mno. Meli za ngano hupita chini yake wala hazipunguzi mwendo. Tena pale katikati, penye upepo mkali, sakafu si lami, ni wavu wa chuma, ili theluji na maji vidondoke mtoni. Ukisimama hapo ukatazama kati ya viatu vyako, unauona mto St. Lawrence unaenda zake kule chini, na tumbo linakukumbusha kwamba wewe ni mtu wa kufa. Magari yakipita juu ya wavu ule daraja huimba, sauti moja nzito isiyokoma, inasikika kwetu Port Gideon na inasikika ng'ambo Marlow Landing. Sisi tulishaizoea, hatuisikii. Tunaisikia siku ikinyamaza.

Basi wapo watu, tena watu wazima wenye ndevu zao, ambao wakifika mguuni mwa daraja mikono inakufa kwenye usukani. Kwa ajili yao kulikuwa na kibanda cha simu kila upande. Unapiga simu, Ambrose anakuja kwa miguu na kofia yake ya sufu, anakuambia, "Sogea huko, bwana mkubwa," anaendesha gari lako mwenyewe mpaka ng'ambo, na mwenzake anafuata nyuma na pikapu ya njano ya Mamlaka ili amrudishe.

Alivyoianza kazi hiyo ni kichekesho na ni kilio. Baba yake, mzee Napoleon Gokey, alikuwa nahodha wa kivuko, wakati watu wakivuka kwa maji. Siku daraja lilipofunguliwa, kivuko kikafa. Na Ambrose akaenda kuomba kazi darajani. Mzee akamwambia, "Umekwenda kula pilau kwenye matanga ya baba yako," ila kwetu si pilau, ni maharage na nyama ya nguruwe, lakini umenielewa. Hawakusemezana majira yote ya baridi. Kisha dada wa mzee akafa upande wa Kanada, na hakuna njia nyingine ya kwenda kuzika. Nahodha yule, aliyekuwa akicheka mawimbi, akapanda daraja katika gari la mwanawe na kabla ya kufika kwenye wavu akafumba macho akaanza kutetemeka. Ambrose hakujua la kufanya. Akasema la kwanza lililomjia mdomoni: "Baba, ile supu ya samaki uliyokuwa unapika kwenye kivuko, ulikuwa unaanza na nini?"

Mzee akafumbua jicho moja. Kisha akasema, kwa hasira, "Unaanza na kitunguu, mjinga wewe. Kila kitu kinaanza na kitunguu." Na samaki alipoiva walikuwa wameshashuka Kanada, na tangu siku ile wakazungumza.

Ikawa ndiyo dawa yake. Hakumwambia mtu hata mmoja, "Usiogope." Aliuliza, "Nyumbani unapika nini?" halafu akataka kila kitu, moto kiasi gani, chumvi lini, mfuniko unafunika au unaacha wazi. Mtu akipika hawezi kuanguka, ndivyo alivyosema. Akirudi, anakuja moja kwa moja kwenye dirisha la kantini yangu: "Verna, andaa sufuria, leo nimevusha mama wa Kiukreni." Nusu ya vyakula vyangu vilitoka kwenye hofu za watu, haki ya Mungu. Kabichi iliyojazwa wali, maandazi ya viazi, bata wa kupikwa na cheri. Madereva wa malori walikuwa wakinisifu, nami nakubali sifa bila haya.

Siku moja nikamuuliza, "Hivi wewe mwenyewe huogopi kule juu?"

"Namwogopa mke wangu," akasema. "Na wewe ukishika mwiko."

Katika wateja wake wote hakuna aliyekuwa mwoga kama Philomène Charlebois wa Marlow Landing, Bi Mina tulivyomwita. Mama mfupi, mnene, sauti ya kengele, mjane, nchi kavu alikuwa akiendesha trekta vizuri kuliko wanaume. Darajani, alikuwa kifaranga. Mwanawe alijaribu kumvusha mara moja. Walipofika kwenye wavu Bi Mina akaudaka usukani, wakakosakosa kuugonga ukingo, na kijana akaapa kwamba hampakii tena hata akipewa shamba. Na bado mara mbili kila mwaka, Krismasi na siku ya kuzaliwa ya dada yake, Bi Mina alipiga simu ile. Maana dada yake Odile Perrault aliolewa kwetu, na damu ni nzito kuliko maji, hata kama maji yenyewe ni St. Lawrence. Ambrose akamvusha, naye akapika mdomoni safari nzima. Kuna kitu kimoja tu hakuweza kukipika, nacho ni pai ya sukari ya Odile, ile ya sukari ya mti tunayoichemsha kutoka kwenye utomvu kila machipuko. Odile hakutaka kumfundisha. "Nikikufundisha hutakuja tena," alimwambia. Na Odile mwenyewe? Thubutu! Hakuvuka kwenda kwa dada yake hata siku moja. Mimi nilisema ni majivuno ya mtu wa mjini, na nilisema kwa sauti.

Sasa sikiliza bodi inavyotawala, maana hapa ndipo mambo yalipokatika. Wajumbe kumi, watano na watano. Mwenyekiti hubadilika kila mwaka, mwaka huu wa kwetu, mwakani wa kwao, na vikao vyote vya mwaka hukaa upande wake. Mwenyekiti ana kura moja kama wengine, hana ya turufu. Kwa hiyo kura zikigawanyika nusu kwa nusu, hakuna mshindi, na hoja inakufa palepale. Sare ni hapana. Walioandika sheria ile walitaka nchi moja isiweze kuiburuta nyingine hata shubiri moja, na mimi kila nikiifikiria nywele zinanisimama. Chuma chote kile, mzigo wote ule, na mwenye daraja hayupo. Wapo kumi tu, na hakuna aliye juu ya mwenzake.

Mwaka ule wa sabini na nane, watu wa bima wakasema hawawezi tena kumkatia bima mfanyakazi anayeshika usukani wa gari la mgeni. Ikaja hoja ya kuendelea na huduma hata hivyo. Nilikuwa namimina kahawa. Mikono mitano juu. Mikono mitano chini. Sare. Mwenyekiti mwaka huo alikuwa Bwana Thurlow Haskins wa kwetu, hakimu mstaafu, mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Alikuwa miongoni mwa waliokataa. Akasema, "Hoja imeanguka. Kuanzia leo mfanyakazi yeyote atakayemvusha mgeni, kwa gari lolote, awe kazini au mapumzikoni, hana kazi." Nikamimina kahawa yake nusu kikombe, baridi. Ndiyo kura yangu.

Machipuko yakaja, Odile akalazwa. Hospitali ya masista iko ukingoni mwa mto upande wetu, na daktari akamwambia Bi Mina kwa simu asingoje Krismasi. Siku ileile simu ya kantini ikalia.

"Verna, mpe Ambrose simu."

Nikampa, nikasimama karibu, sikio langu halina adabu.

"Nitakuja kukuchukua, Bi Mina," Ambrose akasema. "Acha wanifukuze."

Sauti ya kengele ikanifikia hata mimi. "Wakikufukuza, siku watakayojirudi nani atawavusha wengine? Mwanangu? Yule aliyepiga kelele kuliko mimi? La, Ambrose. Nitaiomba bodi."

"Ni haki yako. Kila mwananchi ana dakika zake za kusema. Lakini ni lazima uje mwenyewe kikaoni."

"Kikao kiko wapi?"

Ambrose akanitazama. "Upande huu," akasema.

Ebo! Ili aombe kuvushwa, ilibidi avuke. Mashua hakuna, mto ulikuwa bado umejaa mapande ya barafu. Nililia kwa hasira mpaka nikaunguza kitunguu. Ambrose hakulia. Alikaa kwenye kiti changu cha kumenyea viazi, kofia mapajani, kisha akauliza, "Verna, Matembezi ni lini?"

"Jumamosi," nikasema. Tukatazamana.

Matembezi ya Bodi ni desturi iliyoanza na daraja lenyewe. Kila mwaka barafu ikianza kuondoka, magari husimamishwa, na wajumbe wote kumi hulivuka daraja kwa miguu yao, wakitoka ng'ambo kuelekea upande wa mwenyekiti, ili wauone kwa macho yao mzigo waliopewa. Mwananchi yeyote wa miji miwili anaruhusiwa kutembea nao. Na kuna sharti moja: daraja lisifunguliwe mpaka mtembeaji wa mwisho ashuke. Mwaka wa kwanza walilifungua mapema, mjumbe mmoja ameinama anafunga kamba ya kiatu, na lori la maziwa likapita na kofia yake. Ndipo wakaandika.

"Sheria inakataza nisimvushe kwa gari," Ambrose akasema. "Mkono wangu haijautaja."

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, tulikuwa mguuni mwa daraja upande wa Kanada. Mimi nilimwachia sufuria mke wa Ambrose nikaja kushika mkono wa pili. Bi Mina alivaa koti la kanisani na viatu vya shambani. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Nikifa," akaniambia, "usimwache mwanangu auze trekta."

Kizuizi kikashuka, magari yakasimama, daraja likanyamaza. Mungu wangu, kimya kile! Mwanzoni unadhani umezibika masikio. Halafu unaanza kusikia vitu: barafu inagongana chini, bendera mbili zinapiga upepo, nyaya zinalia taratibu juu yako, na viatu vya wajumbe kumi, kwa, kwa, kwa. Nimefanya kazi chini ya kitu kile nusu ya maisha yangu na siku ile nilijiona sijawahi kukiona. Nilijisikia mdogo, na sikuchukia.

Mwendo wa kwanza tulikwenda vizuri. Ambrose akauliza, Bi Mina akapika. Alipika nyama ya kusaga kwa pai ya Krismasi, macho ameyafumba, sisi tunamwongoza. Wajumbe walitutangulia mbali. Kisha kiatu chake kikagusa wavu. Sauti ya nyayo ilibadilika, na upepo ukapanda kutoka chini, baridi, ukaingia ndani ya koti. Bi Mina akafumbua macho. Ungemwambia nini? Akatazama chini.

Akajitupa kwenye ukingo, akaushika kwa mikono miwili. "Siendi," akasema. "Sirudi. Niacheni hapahapa."

"Bi Mina, tulikuwa kwenye karafuu," Ambrose akasema. "Unatia lini?"

"Sijui. Nimesahau. Nimesahau hata unga." Machozi yakamtoka. "Odile atakufa na mimi niko hapa kama nguo kwenye kamba."

Tukakaa. Ambrose alijaribu supu, akajaribu mkate, akajaribu mpaka kachumbari. Hakuna. Saa ya kufungua daraja ikafika, ikapita. Malori yakaanza kupiga honi upande wetu, ya Kanada yakajibu. Na wajumbe, waliokuwa karibu kushuka kwenda kula, wakatugeukia. Tukawaona wanarudi, wote kumi, makoti meusi, Bwana Haskins mbele na redio ya mkononi inabwata.

"Kuna nini?" akauliza.

Ambrose akavua kofia. "Mtembeaji wa mwisho, mwenyekiti."

Bwana Haskins akamtazama Bi Mina, akatazama mikono yake. "Kuna gari la Mamlaka pale. Mama, tutakupakia nyuma."

"Gari likija nitaruka!" akapiga kelele, na hakuna aliyemdhania kwamba anatania.

Mjumbe mmoja wa Kanada, mwenye mashavu mekundu, akasema, "Mwenyekiti, malori yamejaa mpaka barabara kuu. Natoa hoja tutengue sharti, kwa leo tu. Tufungue njia ile ya kule, magari yapite polepole, yeye akae upande huu mpaka atulie."

Yapite! Wavu ule uanze kuimba na kutetemeka chini ya miguu yake! Nikafungua mdomo nimtukane, Ambrose akanifinya. Maana kikao kilikuwa kimeshaanza. Wallah... samahani, sisi Wakatoliki, lakini niache niape: bodi ya nchi mbili ilikaa kikao kimesimama, juu ya wavu, upepo unapeperusha tai, mama mmoja amening'inia ukingoni. "Wanaokubali?" Bwana Haskins akauliza. Nikahesabu mikono. Mitano, Wamarekani na Wakanada wamechanganyika. "Wanaokataa?" Mmoja, wawili, watatu, wanne.

Kisha Bwana Haskins akainua mkono wake mwenyewe, taratibu.

"Sare," akasema. "Hoja imeanguka. Daraja lifungwe mpaka mtembeaji wa mwisho ashuke. Sheria ni sheria."

Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma. Nilikuwa nimeshazoea kuuona ukikata mbele tu. Mkono uleule ulioiua huduma ndio uliokuwa unashikilia nchi mbili zisisogee. Akasema kwenye redio, "Pande zote mbili, tunasubiri." Mtu akauliza kitu. "Mpaka atakaposhuka," akajibu. "Zimeni injini." Na honi, moja moja, zikanyamaza.

Kisha akakaribia. Hakimu yule mkavu, sikuwahi kumwona akijua la kufanya na mikono yake. "Mama," akasema, "hakuna anayekuharakisha. Kwa sheria daraja lote hili ni lako sasa hivi."

Ambrose akamsogelea sikioni. "Muulize chakula," akanong'ona.

"Chakula?" Bwana Haskins akakunja uso. "Mimi sijui habari za chakula. Tangu mke wangu afariki nakula vya kopo. Sijui hata kuchemsha yai."

Bi Mina akageuza kichwa. Hakuachia ukingo, lakini aligeuza kichwa. "Yai?"

"Yai, mama."

"Mtu mzima na mvi zako! Hakimu! Hujui yai?"

"Hupasuka," Bwana Haskins akasema, na uso ukamwiva.

"Litaachaje kupasuka kama unalitoa kwenye baridi unalitupa kwenye moto? Wewe ukitupwa hivyo hutapasuka? Jesu Maria!" Mkono mmoja ukaachia ukingo, ukamnyooshea kidole. "Sikiliza. Unaanza na maji baridi."

"Maji baridi," Bwana Haskins akasema, akapiga hatua moja kinyumenyume.

"Kiasi gani? Uliza kiasi gani!" Naye akapiga hatua, kwa ukali, maana mwanafunzi anamtoroka.

"Kiasi gani, mama?"

"Yafunike yai. Tone la siki. Chumvi. Moto wa wastani. Wastani, nimesema, si moto wa jehanamu."

Hivyo ndivyo walivyovuka. Hakimu akitembea kinyumenyume, Ambrose amemshika mkanda nyuma asijikwae, na Bi Mina akimfuata na kidole, macho kwenye vifungo vya shati lile la pasi, akimfundisha yai. Wajumbe tisa wakapanga mstari pembeni wasimzibie, kofia mikononi, kama watu walio kanisani. Mimi nilitembea nyuma nikilia wazi kabisa. Chini yetu mto, juu yetu chuma, mbele na nyuma malori yamezimwa, na katika ulimwengu mzima sikusikia kitu kingine zaidi ya mama mmoja akieleza namna ya kumenya.

Watu walikuwa wametoka majumbani. Nilipoona Port Gideon chini, ukingo wote wa mto ulikuwa umejaa watu wamesimama wanatazama juu. Hakuna aliyewaita. Walisikia kimya kimerefuka wakatoka.

Alipokanyaga lami ya kwetu, ofisa wa forodha, kijana asiyejua la mbinguni wala la duniani, akamuuliza kama sheria inavyotaka, "Una kitu cha kutangaza, mama?"

"Ndiyo," Bi Mina akasema, akimwelekezea kidole Bwana Haskins. "Huyu hajui kuchemsha yai."

"Sasa najua," Bwana Haskins akasema. Kisha akainua redio. "Mtembeaji wa mwisho ameshuka. Fungueni." Na daraja likaanza kuimba.

Sista aliyemhudumia Odile alinisimulia baadaye. Asubuhi ile Odile alikuwa amelala, hali wala hasemi, kisha akafumbua macho akasema, "Daraja limenyamaza." Sista akamwambia ni Matembezi. Saa ikapita. "Bado limenyamaza," Odile akasema. "Linamsubiri mtu." Akaomba anyanyuliwe, achanwe nywele. "Ni Mina," akasema. "Hakuna mwingine duniani anayeweza kuchelewa hivyo." Mlango ulipofunguliwa alikuwa ameketi.

Walikaa pamoja mpaka mwisho wa Odile, uliokuja mwezi wa Mei, mchana, Bi Mina amemshika mguu kupitia blanketi. Tukamzika. Na kikao cha bodi kilichofuata kilipofunguliwa, kando ya kantini yangu, mwananchi wa kwanza kusimama alikuwa Philomène Charlebois, maana sasa alikuwa upande unaotakiwa. Alipewa dakika zake, hakuzimaliza. "Nilikuja kwa miguu yangu na kwa subira yenu," akasema. "Sina nguvu ya kufanya hivyo mara ya pili. Nataka kurudi nyumbani. Basi." Bwana Haskins mwenyewe akatoa hoja: huduma irudi, na Mamlaka ijilipie bima yake kutoka mfuko wake. Mikono ikapanda. Sikuhesabu, sikuhitaji. Nilimmiminia kahawa mpaka ikamwagika sahanini.

Odile alimwachia dada yake gari, kubwa, la kijani. Ambrose akaketi kwenye usukani, Bi Mina kando yake, na mimi nikaomba niwafuate na pikapu ya njano. Nilikuwa nyuma yao daraja zima. Kupitia kioo cha nyuma sikuona uso wake, niliona mikono tu. Ilikuwa inapika. Inachekecha, inakanda, inasukuma unga wa pai, inabana kingo kwa vidole. Katikati ya wavu ikasimama, ikatulia, na kichwa chake kikainama dirishani, akitazama chini.

Upande wa pili Ambrose akaagana naye, akaja akapanda pikapu.

"Kapika nini leo?" nikauliza.

"Pai ya Odile."

Nikashtuka. "Alimfundisha?"

"Wiki ya mwisho."

"Haya basi, niambie! Inaanza na nini?"

Akatikisa kichwa. "Hiyo hapana, Verna." Na hakunipa, mpaka tulipomzika yeye naye. Ni chakula kimoja tu alichoninyima.

Niliwasha gari, nikaligeuza kuelekea kwetu. Tulipoanza kupanda akasema, "Odile alimwambia kwa nini hakuwahi kuvuka kwenda kwake. Si majivuno. Alikuwa akiogopa kuliko Mina. Alikuwa akija mpaka kwenye kibanda cha simu, anashika simu, anairudisha. Miaka yote ile. Aliona haya kupiga."

Kibanda kile kiko mbele ya dirisha la kantini yangu. Nilimwona mara ngapi, mwanamke wa koti la kahawia, nikadhani anasubiri mtu? Nilimwita mwenye majivuno, kwa sauti, na alikuwa pale nje na hofu yake, peke yake. Tukafika kwenye wavu. Daraja likaanza kuimba chini ya magurudumu, na mimi niliyelipita mara maelfu nikaona mikono yangu imekaza kwenye usukani, na barabara sikuiona tena kwa machozi.

Ambrose akautia mkono wake kwenye usukani, karibu na wangu, taratibu.

"Verna," akasema, "ile supu yako ya kabichi, unaanza na nini?"

"Kitunguu," nikasema.